Neno la Kiingereza "Gnaw" na Wafasiri Wake

Katika kusoma Kiingereza liko neno moja fupi, herufi zake nne tu, nalo ni gnaw. Mwanafunzi akutanapo nalo mara ya kwanza hujikwaa mlangoni, kwa kuwa aona herufi g imesimama mbele, naye ataka kuitamka. Nimesikia "ginao", nimesikia "ng'ao", na kijana mmoja mwerevu alisema "ganawu", akidhani kwamba irabu imeanguka kwa kosa la mpiga chapa. Mwalimu husema, "Iache hiyo g, sema noo," na darasa lote hucheka, maana huona ni ajabu watu kuweka kitabuni herufi wasiyoitaka kinywani.

Hata hivyo herufi hiyo haikuwekwa bure. Waingereza wa kale walisema gnagan, na ile g ilisikika kama zisikikavyo herufi nyingine. Ndugu zao wa ng'ambo ya bahari wangali na sauti ya mbele mpaka leo: Mswidi asema gnaga, Mholanzi asema knagen, ila Mjerumani ameitupa kabisa akabaki na nagen. Kwa Kiingereza sauti ilikufa, herufi ikabaki kama mfupa uliosazwa sahanini. Ndivyo ilivyo pia katika gnat, yaani mdudu mdogo mfano wa usubi, na katika gnash, ambalo ni kusaga meno. Gnash na gnaw huchanganywa sana na wanafunzi. Lakini katika gnash hakuna kitu katikati ya meno ila hasira au uchungu, na katika gnaw sharti kiwepo kitu.

Basi matamshi si neno kubwa. Neno kubwa ni maana, na hapo ndipo nitakapo kuwashitaki wafasiri, nami nikiwa wa kwanza wao.

Muhula mmoja niliandika ubaoni sentensi tatu za Kiingereza. Ya kwanza ilikuwa habari za panya na kamba, ya pili habari za mtoto na nyama, ya tatu habari za njaa na msafiri. Katika ya kwanza na ya tatu kitendo kilikuwa gnaw. Katika ya pili kilikuwa chew. Wanafunzi 34 wakanirudishia daftari zao, na karibu wote wameandika neno moja mara tatu: panya alitafuna kamba, mtoto alitafuna nyama, njaa ilimtafuna msafiri. Nikazisahihisha kwa haraka, nikatoa alama nzuri, nikawapunguzia wawili tu kwa sababu walisahau nukta mwisho wa sentensi. Nilifanya hivyo kwa kuwa mimi nami nilifundishwa hivyo, wala sikuwa nimelitazama lile neno tangu siku nilipolijua.

Sasa na tulitazame. Kutafuna ni kazi yenye mwisho. Chakula chaingia kinywani, magego yakisaga, ulimi wakigeuza, koo yakipokea, kwisha. Aliyetafuna atazamia kumeza, na hiyo ndiyo maana ya chew kwa sehemu kubwa. Gnaw si hivyo. Kitu kinachofanyiwa kazi hii hakijaingia kinywani. Kiko nje, tena ni kigumu, na meno ya mbele yakikijia kidogo kidogo mahali pale pale, yakiondoka na kurudi. Pengine hakuna kinachomezwa hata chembe.

Mwalimu mwema wa neno hili ni panya mwenyewe. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Mtu akiyapima, jino moja laweza kukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Tena upande wa mbele wa jino ni mgumu kuliko upande wa nyuma, hata linapotumika upande wa nyuma huliwa upesi zaidi, na ncha yabaki kali kama patasi iliyonolewa. Meno hayo hupunguzwa kwa kuguguna na kwa kusagana yenyewe kwa yenyewe. Na baina ya meno ya mbele na magego pana nafasi tupu, ambapo panya aweza kuikunja midomo yake kwa ndani, ili vumbi la mti au la chokaa lisimwingie kooni. Ndiyo sababu asubuhi twakuta sanduku limetobolewa na unga wa mbao umelala chini, haukuliwa. Hakutafuna huyu. Waingereza wanapotaka jina la jamii nzima ya wanyama wa namna hii, yaani panya, kindi, nungu na wenzao, husema rodent, na neno hilo latoka katika Kilatini rodere, ambalo maana yake ni hiyo hiyo gnaw. Mjerumani hakwenda mbali hata huko. Yeye husema Nagetier, mnyama agugunaye, na mtoto wa kwao hahitaji kamusi.

Nimekwisha kulitaja neno letu, guguna, nalo ni neno jema kabisa. Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili huliweka mahali pake, tena sikio lenyewe lashuhudia, kwa kuwa ile gu yarudiwa ndani ya neno kama jino lirudivyo mfupani. Mbwa huguguna mfupa. Mtoto mwenye njaa huguguna kipande cha muhogo mkavu. Mzee asiye na meno haguguni, yeye humung'unya. Na ng'ombe aliyelala kivulini haguguni wala hatafuni mara ya kwanza, bali hucheua. Lugha yenye maneno haya yote haina sababu ya kumpa panya na mtoto na njaa kitendo kimoja. Wanafunzi wangu hawakukosa maneno. Walikosa mwalimu wa kuwauliza, "Je, kilimezwa?"

Kabla sijaendelea, liko jambo la sarufi ambalo limenipendeza. Mwingereza akisema gnaw bila kuongeza neno, huenda kazi ikamalizika: panya ameikata kamba. Akitia kineno at baada yake, kazi haijamalizika; meno yangali yakijia kitu kile, na kitu kile chasimama. Herufi mbili tu zabadili habari yote. Sisi hatuna kineno cha namna hiyo, lakini tunalo la kufanya, maana twakirudia kitendo chenyewe: mbwa agugunaguguna mfupa, mtu aumauma kucha zake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba at ni "kwenye" ataandika kwamba mbwa aliguguna kwenye mfupa, na msomaji atauliza, alikuwa ameketi juu yake? Hapa siwalaumu watoto.

Mpaka hapa shauri ni jepesi. Taabu yaanza pale Waingereza wanapolitoa neno hili katika kinywa cha panya na kulitia mahali pasipo na meno. Katika pwani ya mashariki ya Uingereza, katika Suffolk, ulikuwako mji wa bandari uitwao Dunwich, mkubwa na tajiri. Dhoruba ya mwaka 1286 iliuumiza vibaya, kisha bahari ikaendelea karne kwa karne, nyumba kwa nyumba. Kanisa la All Saints lilikuwa la mwisho katika makanisa yake ya kale kuporomoka. Lilianguka gengeni kipande kwa kipande kati ya 1904 na 1919. Mwingereza aandikapo habari za pwani kama ile husema bahari hu-gnaw at genge, nasi twamfahamu: ile kurudi kwa wimbi mahali pale pale ndiko kurudi kwa jino. Lakini mtu wa pwani yetu hakuingoja picha ya panya. Husema bahari inamega ufuo, kama mkono umegavyo ugali sahanini. Mkono nao hurudi. Mfasiri akiandika "bahari inaguguna pwani" hakukosa sarufi, ila amewanyang'anya wasomaji wake neno lao zuri akawapa la ugenini. Vivyo hivyo kutu hula chuma, fukusi hubungua nafaka, maji ya mvua humomonyoa udongo. Kwa hayo yote Kiingereza chaweza kutumia jino moja tu. Tena wataalamu wao, wakitaka kusema kwa heshima, husema erode na corrode, wasikumbuke kwamba ndani ya maneno hayo mna yule yule rodere wa Kilatini, panya aliyevikwa joho.

Naona imenipasa kutaja fedha, kwa kuwa hapa mambo yamegeuka. Sisi husema mtunza hazina ametafuna fedha za chama, na hapo neno tafuna limekaa vema sana, kwa sababu mtu huyo hakuguguna: alitia kinywani, akameza, akafuta midomo. Mwingereza akisema gnaw at juu ya akiba ya mtu, hana maana ya mwizi. Ana maana ya bei zinazopanda polepole, shilingi leo, shilingi kesho, hata akiba ikapungua bila kuonekana aliyeichukua. Mfasiri akiandika kwamba bei zimetafuna akiba, msomaji atamtafuta mhasibu amkamate.

Tuje moyoni. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Richard III, Malkia Margaret amlaani Richard, na katika laana yake asema juu ya mnyoo wa dhamiri, na kitendo alichompa mnyoo huyo ni gnaw, chenye be- mbele yake. Katika Othello, Iago aeleza wazo la wivu lililomo ndani yake, na kitendo ni kile kile, tena mtendaji ni sumu ya madini. Mnyoo hana meno ya kuguguna, na sumu haina meno kabisa. Lakini Mwingereza haoni shida, maana kwake gnaw imekwisha kuwa jina la uchungu usioondoka. Je, mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Akiandika kwamba dhamiri inamguguna Richard, wasomaji watafahamu kwa kujikaza. Lakini sisi tunalo neno la dhamiri tangu zamani, nalo ni kusuta. Dhamiri humsuta mtu. Na angalia tofauti yake: kusuta ni kazi ya mdomo unaosema, mtu akisimamishwa mbele ya watu na kuambiwa neno lake usoni. Dhamiri ya Mwingereza huuma. Dhamiri ya Mswahili husema. Nisingetaka kuipoteza tofauti hiyo kwa ajili ya kumfuata Shakespeare neno kwa neno.

Na asidhani mtu kwamba hofu hii ni ya sisi tu. Waingereza wenyewe walipata mfasiri wa namna hiyo, nao hawakumfuata. Alikuwa mtawa wa Canterbury, jina lake Michael wa Northgate, naye katika mwaka 1340 alimaliza kufasiri kitabu cha Kifaransa cha kufundisha dhambi na wema, kilichoandikwa mwaka 1279. Alikifasiri kwa Kiingereza cha Kent, akakiita Ayenbite of Inwyt. Alikuwa amepata neno remorse, yaani majuto, akalichinja viungo: re- ni tena, na sehemu ya pili ni kuuma, basi akaandika "uma-tena". Akachukua na neno la dhamiri, akalifanya "akili-ya-ndani". Kila kiungo ni sahihi. Hakuna mwalimu awezaye kumtia alama ya kosa. Walakini watu wa lugha yake hawakulichukua neno lake. Walimwachia, wakaendelea na remorse la kigeni, na leo kitabu chake chajulikana zaidi kwa jina lake la ajabu kuliko kwa mafundisho yake. Mimi nampenda mtawa huyu. Kila nikizisahihisha daftari namwona ameketi dawati la nyuma.

Wengi wa wasomaji wa gazeti hili hulikuta neno hili katika Biblia ya Kiingereza, na huko nako pana mtego. Katika Sefania 3:3, tafsiri ya mwaka 1611 yawafananisha waamuzi wa mji na mbwa-mwitu wa jioni, kisha yasema kwamba hawa-gnaw mifupa mpaka kesho yake. Kijana mmoja aliniletea mstari huo akaniuliza, "Mwalimu, hapa wanasifiwa au wanalaumiwa? Mbona mbwa-mwitu wasioguguna mifupa ni wema?" Swali lake lilikuwa na haki. Maana yake ni kinyume: mbwa-mwitu hao wana ulafi hata wanamaliza kila kitu usiku ule ule, usibaki mfupa wa kugugunwa asubuhi. Kitendo cha Kiebrania kilichomo ni kigumu, nacho chafanana na neno la mfupa. Wafasiri wa 1611 waliushika mfupa, na hao waliosahihisha kazi yao mwaka 1885 waliuacha, wakasema tu kwamba hawasazi kitu mpaka kesho. Naona waliosahihisha walifanya vema. Nasi tuna neno kusaza, ambalo kila mama wa nyumba alijua.

Lakini katika Ufunuo 16:10, watu wenye maumivu wanaziumiza ndimi zao wenyewe, na Kiingereza cha 1611 chasema gnaw tena. Biblia yetu ya Kiswahili yasema kutafuna. Hapo mtu aliyenisoma mpaka sasa atangoja niseme wafasiri wetu wamekosa. Sivyo. Ulimi umo ndani ya kinywa, ni nyama laini, wakaa juu ya magego. Huwezi kuuguguna kwa meno ya mbele kama mfupa. Tena neno la Kiyunani lililoko ni la kutafuna. Kiswahili ndicho kilichokaribia asili, na Kiingereza ndicho kilichozunguka. Kwa hiyo sishitaki neno tafuna kila lilipo. Nashitaki uvivu wa kuliita kila mahali.

Nimesema kwamba mimi ni wa kwanza wa washitakiwa. Habari ni hii. Mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu nilipofiwa na mama, alishikwa na maumivu ya tumbo kwa miezi mingi. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mwingereza mgeni, mpole, hajajua Kiswahili ila salamu. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, sikungoja mkalimani, nikajitia mwenyewe kati yao. Daktari akauliza maswali, nikafasiri. Kisha akauliza kama maumivu yale yana gnaw. Sikusita hata kidogo. Neno nililijua, tena nililijua kwa jina lake la kamusi. Nikamwambia, "Mama, Daktari anauliza, je, kuna kitu kinachokuguguna tumboni?"

Mama mkubwa akanyosha mgongo. Akanitazama mimi, hakumtazama daktari, akasema, "Mwanangu, hakuna kitu kinachonila mimi. Mimi nimebatizwa."

Nikafasiri: hapana. Daktari akaandika: hapana. Akampa dawa ya minyoo, tukarudi nyumbani.

Kwetu mtu akisema kwamba kitu kinamla ndani, amekwisha kutaja uchawi, na kumtaja jirani hakuko mbali. Mama mkubwa alikuwa ameikataa habari hiyo tangu ujana wake, na kwa kukataa kwake alikuwa ametengwa na baadhi ya ndugu. Mimi nilimwuliza, kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya mgeni, kama amerudi huko. Alijibu kama mtu asimamaye barazani kushuhudia. Nami sikuona lo lote. Niliona tu kwamba jibu lake lilikuwa refu kuliko swali.

Baada ya siku 26 akatapika damu nyeusi kama masimbi ya kahawa, tukambeba usiku. Safari hii alimpokea mwuguzi mwanamke, mtu wa nchi. Akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, akaketi kitandani karibu naye. Hakuuliza habari za jino. Aliuliza, "Bibi, tumbo lakunyonga wakati gani? Ukiwa umekula au ukiwa na njaa?" Mama mkubwa akasema, "Nikiwa na njaa, na usiku wa manane. Hunyonga, huacha, hurudi pale pale. Nikila uji kidogo hutulia." Mwuguzi akasimama akamwita daktari. Yalikuwa ni yale yale maumivu ambayo vitabu vya uganga vya Kiingereza huyaita gnawing: ya kidonda cha tumbo, yanayokuja tumbo likiwa tupu, yanayorudi mahali pamoja. Vidonda hivyo zamani vilidhaniwa kuwa vya mahangaiko tu, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, kuanzia mwaka 1982, kwamba vingi vyao huletwa na kijidudu. Wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mama mkubwa alipewa dawa za kukiua, pamoja na dawa ya kupunguza ukali wa tumbo, naye akapona.

Nimelifikiri swali la yule mwuguzi mara nyingi. Hakujua Kiingereza kunishinda. Lakini neno lake, kunyonga, lilikuwa na kile kilichotakiwa, yaani kubana na kulegea na kurudi. Na pale neno lisipotosha, aliuliza saa. Daktari naye hakuwa na haja ya jino wala ya panya. Haja yake ilikuwa kujua kama uchungu unarudi, na wakati gani. Mimi niliifasiri picha nikaliacha swali. Liko na neno jingine la uchungu wa tumbo, kukeketa, kama kisu butu kikatavyo nyama. Wazee hulitumia, nalo lakaribia sana gnaw. Ila siku hizi neno hilo limeshikwa na habari ya tohara ya wanawake, hata mkalimani akilitumia mbele ya mgonjwa mwanamke aweza kuleta hofu nyingine. Na ahadhari.

Mwalimu mwenzangu, ambaye humsomea makala zangu kabla hazijapelekwa, hakubali. Asema lugha hukua kwa kuazima, kwamba vijana tayari husema "mawazo yananitafuna" nao hufahamiana, na kwamba nikifunga mlango huu hatutapata mashairi mapya. Nakubali nusu. Mshairi na aseme njaa yamguguna, hata yamng'ong'ona akitaka. Msomaji wake ameketi, ana nafasi ya kushangaa na kurudia ubeti. Mgonjwa hana nafasi hiyo, wala mwanafunzi aliye katika mtihani, wala mtu aulizwaye mbele ya hakimu. Mwenzangu asema natumia kifo kumtisha mwenye sarufi. Namjibu kwamba mama mkubwa hakufa. Ndipo tulipoachana jana.

Muhula huu nimeziandika ubaoni sentensi zile zile tatu. Kwa panya na kamba wengi wameandika aliguguna, nami nimefurahi. Kwa njaa na msafiri wametofautiana: njaa ilimuuma, njaa ilimnyonga, njaa ilimkeketa. Msichana mmoja ameandika, "Njaa haikumpa nafasi." Hamna meno katika sentensi hiyo, wala tumbo, wala neno hata moja lililo karibu na gnaw. Nimempa alama zote. Mwenzangu ameiona daftari hiyo mezani, ameikuta alama, akachukua kalamu yake nyekundu akaandika alama ya kuuliza pembeni. Sijaifuta, wala sijaipunguza ile alama.